Mkwe Mlangoni mwa Darasa la Sita

Kamati ilipoanza kukusanya historia ya shule yetu, wazee walisimulia matofali: nani alifyatua, nani alichoma, nani alisafirisha bati kutoka Ipinda. Vipigo hawakuvitaja, ingawa sote tuliosoma pale tulichapwa. Mimi naandika nilichokiona mwaka jana, siku niliyokwenda kutengeneza madawati.

Binti wa Darasa la Sita alichelewa. Alikuwa akiwinga ndege kwenye mpunga wa baba yake. Mwalimu alimpiga kwa mpini wa jembe. Binti akakinga kwa mkono. Nilisikia mfupa ukivunjika.

Kabla ya saa sita baba yake akafika na panga, suruali imelowa tope la shambani. Mwalimu alikuwa amejifungia darasani.

"Toka, mbwa wewe! Nakukata huo mkono!"

"Mkate, mzee!" watu wakampigia kelele. "Au umekuja kumsalimia?"

Panga likapasua mbao za mlango. Nilimkamata mzee kwa nyuma. Akanipiga kiwiko, jino likang'oka.

Ndipo mwalimu wa Darasa la Kwanza akapita chini ya mkono wa mzee, akasimama mlangoni. Alikuwa mke wa mtoto mkubwa wa mzee. Kwetu Wanyakyusa, mkwe wa kike na baba wa mumewe hawatazamani wala hawasemeshani. Wakikaribia kukutana, mkwe huiacha njia. Mwalimu huyu alikuja kazini kila siku kwa kuzunguka nyuma ya mikakao, asipite mbele ya nyumba ya mzee.

"Baba," alisema, akimtazama usoni, "anza na mimi."

Mzee akafunika macho kwa mkono mmoja. Panga lilikuwa tayari hewani. Likakita kwenye fremu, karibu na sikio la mkwewe. Akaliachia, akaondoka amejifunika uso kwa shati.

"Hana aibu huyu!" mama mmoja akapaza sauti. Jiwe likampasua mwalimu huyo paji la uso. Alibaki mlangoni, damu ikimwingia machoni, hadi polisi walipomtoa mwenzake.

Mzee akagoma kula nyumbani kwake mpaka mkwewe arudishwe kwao. Siku mkwe alipoondoka nilimuuliza kama anajuta.

"Baba angefungwa," alinijibu, "yule mtoto angeuguzwa na nani?"

Mumewe alimsindikiza hadi barabarani. Sanduku alilibeba mwenyewe, kichwani, juu ya bandeji.