Nimepangiwa kusoma maombi ya marehemu bibi, na bibi nimemwona kisiwani

Admin, naomba ufiche jina langu na la kijiji chetu, maana wengine humu tunasali nao. Mimi ni msichana wa miaka kumi na nane. Nimemaliza kidato cha nne, nipo nyumbani nasaidia wazazi kwenye kahawa, huku upande wa Mbinga. Si mwongeaji. Hata darasani nikijibu swali, mwalimu alikuwa anasogea ndipo asikie. Kwa hiyo hili nimeshindwa kulisema kwa mdomo, naliandika.

Tangu utotoni naambiwa nimepewa jina la bibi, mama yake baba, aliyefariki baba akiwa mdogo na kuzikwa mbali. Mama akichoka na ukimya wa baba hutuambia, "Msameheni, amekua bila mama." Kila Novemba baba humwombea misa.

Mwezi uliopita nilikwenda kumtembelea rafiki yangu niliyesoma naye, kwao Mbaha, ziwani. Mama yake alikuwa anampelekea unga dada yake anayeishi kwenye kisiwa kidogo, akatuchukua. Mimi sijui kuogelea. Nilikaa katikati ya mtumbwi nimeng'ang'ania ubao, rafiki yangu ananicheka, "Wewe mtu wa milimani, legeza mikono, mtumbwi haukimbii!"

Kile kisiwa kimetulia mpaka unasikia dagaa wakigeuzwa kwenye vichanja. Nyumba chache, mawe makubwa, mihogo. Mama wa rafiki yangu alituambia zamani wenye ukoma walipelekwa huko kutibiwa, na waliopona wengine hawakuwa na pa kurudi. Nilisikiliza kama habari za watu tu.

Wenzangu walipokwenda kuoga, mimi nilibaki. Nikamwona bibi mmoja mlangoni kwake anamenya muhogo. Vidole vyake vingine vilikuwa vimeisha, kisu amekibana kwa kiganja, lakini alimenya haraka kuliko mimi. Alivaa sweta la shule niliyosoma. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitikia, kisha akaongeza salamu ya Kimatengo, lugha yetu ya milimani, wakati pale wote niliwasikia wakiongea Kinyasa. Nikamsifia sweta. Akafurahi, akageuza ukosi.

"Ona, mwanangu amenishonea jina langu."

Ulikuwa uzi mwekundu, herufi ya mwisho imepinda. Jina hilo nililishona mimi nikiwa kidato cha kwanza, baada ya kuibiwa sweta bwenini. Liliponibana, baba alilichukua akasema anampelekea mtu mwenye shida.

"Na wewe binti, unaitwa nani?"

Nikataja jina. Kisu kikamdondoka.

Hakulia. Aliuliza kama mama ni mzima, kama tuko wengi, kama baba bado anakohoa wakati wa kukoboa kahawa. Kumbe baba akituaga kuwa anafuata dagaa Mbamba Bay, huwa anafika kwake na sukari na sabuni. Bibi alisema baba alipokuwa anaposa, aliogopa wakwe wasimpe binti yao wakisikia habari ya ukoma. Akawaambia mama yake alishafariki.

"Nilimruhusu mwenyewe," bibi alisema. "Nilidhani ni kwa siku ya posa tu."

Nikamweleza kuhusu misa za Novemba. Akacheka hadi akapaliwa. "Kumbe ndiyo maana siumwi! Ila hayo ya pumziko la milele, mjukuu wangu, mniwekee kwanza."

Tulipoitwa mtumbwini alinishika mkono. "Natamani nimwone mama yako, hata mara moja. Lakini baba yako usije ukamwaibisha."

Niliporudi nyumbani nikakuta mama na wajomba wamechanga saruji. Mama ndiye aliyelianzisha, kwa upendo kabisa. Alisema haipendezi baba, mwenyekiti wa kigango chetu cha kanisa, asiwe na msalaba wa mama yake, na kwa kuwa kaburi liko mbali, utawekwa hapa nyumbani. Baba alisema hakuna haja. Wakadhani anaona haya kusaidiwa. Wazee wa ukoo waliojua ukweli wote wameshazikwa. Padre anakuja Jumamosi ijayo, na mimi, kwa sababu nimesoma na nina jina lake, nimepangiwa kusoma maombi.

Jana mama alinisimamisha uani nifanye mazoezi, baba anaanika kahawa. Nikafika kwenye neno "marehemu", nikataka kutaja jina, sauti ikakata.

"Yaani jina lako mwenyewe linakushinda?" mama akacheka.

Baba hakucheka. Mkono wake ulibaki juu ya kahawa. Akaniuliza polepole, "Kule Mbaha, mlifika kisiwani?"

Nikasema hapana.

Sijawahi kumdanganya baba. Sasa nimekuwa kama yeye, na bado sijui kama alinisadiki. Nikimfuata peke yake, naogopa atasema ninyamaze, na nitanyamaza. Nikimwambia mama, naogopa ndoa yao na jinsi watu wa kigango watakavyomtazama baba. Nikisoma, nitakuwa nimemzika bibi kwa mdomo wangu, naye yuko kule amevaa sweta langu.

Wazazi na dada zangu mliomo humu, nielekezeni, nianzie kwa nani kabla ya Jumamosi? Nitasoma kila mtakachoandika, hata kama sitajibu. Msalaba umeshaletwa. Umelazwa nyuma ya jiko, na kila nikienda kuchukua kuni nasoma jina langu.