Posa ya Pangoni

Mimi nimezaliwa Mjini Unguja, nyumba ya tatu kutoka msikitini, na mnyama mkali kuliko wote niliyepata kupambana naye ni paka shume aliyekuwa akituibia samaki. Chui nilimsikia kwa watu wazima tu, kwamba huko mashamba wako wachawi wanaomfuga. Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba mimi sikumdanganya mtu. Aliyedanganya ni mama yangu.

Tulihamia Omani mwanzoni mwa miaka ya sabini, baba akiwa keshafariki, nami nikapata kazi Maskati. Ami yangu, ndugu yake baba, alikuwa kwao Ibra, bara ya Omani, na mitende yake na mbuzi wake, na hajatoka huko maisha yake yote. Alikuwa na binti. Nilimwona mara moja, akituletea kahawa, na nikanywa vikombe saba kwa kuwa sikujua kwamba ukitosheka unakitikisa kikombe. Nilipokuja kujua, nikajifanya sijui.

Tatizo lilikuwa lugha. Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni, cha kusomea Kurani, na ami hakujua Kiswahili hata neno. Kwa hiyo mama, aliyejifunza Kiarabu kwa mumewe, ndiye aliyekuwa mkalimani wetu. Mama akitaka jambo lake hashindwi, na alichotaka mwaka ule ni mkwe. Alikwisha posa mara mbili, na ami hasemi ndiyo wala hapana.

Siku moja ami akauliza kama ni kweli kwamba huko Afrika tukilala na simba mlangoni.

"Mwambie kwetu hakuna simba," nikamwambia mama. "Mwambie kuna komba."

Mama akazungumza muda mrefu kuliko maneno yangu. Ami akanitazama upya, kichwani mpaka miguuni.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia simba umewazoea. Nyamaza weye. Unataka mke hutaki?"

Nilitaka. Nilitaka hata chakula kilikuwa hakinipiti. Nikanyamaza.

Basi ami akasema vyema, liko bonde baina ya majabali, na ndani yake mna pango, na mbuzi wake watatu wamepotelea huko. Watu wanasema ni chui. Twende sote tukapige kambi siku mbili, mtaalamu akamwangalie. Mtaalamu ndiye mimi.

Tukaenda kwa pikapu, mimi na ami mbele, mama na mke wa ami na binti nyuma juu ya magodoro. Wenyewe wa Ibra walichukua mchele, tende, kahawa na kiriba cha maji. Mama alichukua nazi sita zilizoletwa kutoka Salala, kibao cha mbuzi cha kuzikunia, kinu na mchi wake, na mkeka wa kusalia ambao hakuna aliyeruhusiwa kuukanyaga na viatu.

Bonde lilikuwa zuri, siwezi kulinyima haki yake. Kuta za mawe zilisimama pande mbili hata mbingu ikabaki utepe, na chini mlikuwa na vidimbwi vya maji ya kijani, na visamaki vinakuja kukudonoa vidole vya miguu. Juu ya jiwe mjusi wa buluu alikuwa akituinamishia kichwa. Ami alinionyesha kila kinyesi tulichokikuta, nami nakiinamia, nakitazama, natikisa kichwa taratibu. Sisemi kitu, na mama huko nyuma anautafsiri huo ukimya. Nilisikia neno la fisi, kisha nikasikia "kwa mikono yake". Binti akacheka ndani ya shela. Nikaona bora chui aje anile, mambo yaishe.

Baada ya sala ya alasiri ami akachukua tochi na bunduki yake kuukuu, akaniashiria pango. Mama akainuka atufuate. Ami akamwambia akae, kwa chui hawaendi wanawake. Hapo ndipo nilipoogopa, na si kwa sababu ya chui tu. Sikupata kuzungumza na ami bila ya mkalimani hata siku moja; hata kwenye pikapu tulisikiliza injini tu.

Pangoni mlinuka mavi ya popo. Tulipofika ndani kiasi cha hatua ishirini, kitu kikakwaruza gizani. Ami akasimama, akanipisha kwa adabu nitangulie, kama anavyopishwa mgeni mlangoni. Nikatafuta Kiarabu cha kusema kwamba kwa uzoefu wangu chui hasumbuliwi saa hizi, tungoje kesho. Sikuwa nacho. Kuongopa kunataka maneno mengi, na mimi nilikuwa nayo mawili.

"Ami," nikasema, "ana khaif." Mimi naogopa.

Alichonijibu sikukisikia, kwa kuwa mkwaruzaji mwenyewe alitoka: nungunungu, mnene, miiba imesimama, akatupita pembeni bila ya salamu, na popo wote wakatumwagikia. Nikakimbia. Ami naye akakimbia, na kwa kuwa njia anaijua, akanipita. Nungunungu hali mbuzi, kwa hiyo wale watatu mpaka leo sijui walikwenda wapi.

Nje tukakaa juu ya jiwe tukihema. Nikamalizia kuungama, kwa mikono na kwa vipande vya Kiarabu: simba sijamwona, chui sijamwona, mama ndiye msemaji. Nilijua binti nimekwisha mkosa, na iliniuma.

 Ami akasema polepole, Kiarabu chepesi cha kumwambia mtoto, na kila neno nililielewa.

"Baba yako hakuogopa kitu. Bahari hakuiogopa, Afrika hakuiogopa. Aliniambia anakwenda msimu mmoja tu. Nimemngoja miaka thelathini." Akajifuta macho kwa ncha ya kilemba. "Mama yako kila akikusifu, mimi nasema moyoni: na huyu atamchukua binti yangu, aende naye asirudi. Binti mwenyewe nilimuuliza zamani, amekubali. Aliyekuwa hataki ni mimi."

Akanishika mkono.

"Wewe huendi mbali," akasema. "Nimekupa."