Bi Chomoa na diski iliyokataa kuamka

Kompyuta ya studio ya picha inavuma, taa yake ya kijani imewaka, lakini skrini ni nyeusi tii. Kistari kimoja cheupe kinapepesa kwenye kona. Fundi aliyepiga magoti mbele yake anakitazama na kutabasamu. Mpigapicha mwenye studio hatabasamu hata kidogo; asubuhi ndiyo kwanza inaanza na shati lake limeshalowa jasho.

Kwenye benchi la wateja ameketi mwanamke mwenye macho mekundu. Amefiwa na mama yake jana. Mazishi ni leo alasiri, na picha pekee ya marehemu akicheka ilipigwa hapa, imo ndani ya mashine hiyo iliyogoma.

"Nyingine zote kanuna," anasema. "Alikuwa hapendi kamera. Hiyo moja ndiyo mama yangu mwenyewe."

"Pole sana, dada yangu. Utaipata," fundi anamjibu. "Wewe kaa, acha niongee na huyu mkaidi."

Fundi huyu mtaani wanamwita Bi Chomoa. Hakabidhi kompyuta aliyoitengeneza mpaka kwanza achomoe kitu mbele ya mwenye mali, aiwashe hivyo hivyo, aone itafanyaje. Wapo wateja waliowahi kumtimua kwa hilo. Wala hajali.

"Skrini ikiniambia kazi imekamilika, mimi sishibi," anamwambia mwandishi wa makala haya. "Nataka nione kwa macho yangu."

Ufundi alifundishwa na kaka yake, na mpaka leo wanafanya kazi meza moja, wakitaniana kutwa. Kaka huyo ndiye aliyeifunga mashine ya studio. Aliweka diski mbili na programu ya kuzioanisha, ili kila picha inayoingia kwenye ya kwanza inakiliwe palepale kwenye ya pili. Leo ya kwanza imekufa. Ya pili ni nzima kabisa. Sasa mbona mashine haiamki?

Bi Chomoa anapiga simu, spika kaifungua wote wasikie.

"Shikamoo kaka. Ile programu ya kuwashia mashine uliiweka diski gani?"

"Marahaba. Ya kwanza."

"Na ya pili?"

Kaka anajibu kwa swali: "Kwani picha si ziko kote kote?"

"Picha ziko! Umejenga nyumba mbili zinazofanana, umeweka mlango kwenye moja, na yenye mlango ndiyo imeungua. Kaka wee!"

"Basi, usiniseme mbele za watu."

"Wameshasikia wote."

Mwanamke wa kwenye benchi anacheka kidogo, anafuta macho.

Bi Chomoa anaitoa diski mbovu. Anaiamsha mashine kwa flashi yenye programu zake, anayotembea nayo mfukoni, anailazimisha programu ikubali kufanya kazi na diski moja, kisha anaanza kuiandikia hiyo iliyobaki programu ya kuwashia. Vidole vinakwenda, macho hayabanduki kwenye skrini.

"Hutazifuta picha zangu?" mpigapicha anauliza.

"Ningezifuta, ungeniona nimekaa hapa? Ningeshakimbia zamani."

Anaizima. Anachomoa flashi. Anaiwasha upya.

Skrini inabaki nyeusi, wote wanaikodolea macho. Halafu, loo, inajaa rangi! Mpigapicha anafungua mafaili, na mara bibi mmoja anatokea, kichwa kakirusha nyuma, meno machache yote nje, anacheka.

"Huyo!" mwanamke anaruka. "Huyo ndiye mama!" Analia kwa sauti na hakuna anayemnyamazisha. Picha inachapwa, inatiwa kwenye fremu, naye anaondoka ameikumbatia kifuani.

Kwa wengine kazi ingeishia hapo. Bi Chomoa anafunga diski mpya, anasubiri kunakili kuishe, na hiyo nayo anaiwekea programu ya kuwashia. Kisha anazima mashine.

"Usiguse!" mpigapicha anapiga kelele. "Inafanya kazi, iache jamani!"

Kaka mtu amefika kimyakimya, amesimama mlangoni. "Njoo uchomoe wewe," dada yake anamwambia. Anasita, anainama, anachomoa ile diski ya pili iliyookoa picha. Mashine inawaka kwa ile mpya peke yake. Wanarudisha, wanasubiri inakiliwe upya, wanachomoa hiyo mpya. Inawaka tena.

"Haya," mpigapicha anashusha pumzi. "Sasa nitalala."

Bi Chomoa ana mpango wa kuwafundisha mafundi wenzake mtindo wake, waone wenyewe. "Natamani diski ife tu, na watu waendelee na shughuli zao, wasijue hata kama tupo," anasema. Kisha anamgeukia kaka yake. "Nyingine ulizofunga namna hii ziko wapi?"

Kaka anawaza, uso unambadilika. "Moja iko zahanati," anasema polepole. "Ile yenye kumbukumbu za wajawazito."

Bi Chomoa ameshabeba begi. "Twende."