Boti Alilonyimwa Masila

Kwa miaka kumi na mmoja, mfanyakazi wa kampuni ya magadi aliyetaka kwenda upande wa pili wa ziwa la Magadi alimtafuta Masila. Alikuwa na mashua ya watu sita, injini imening'inia nyuma. Mwenyewe alikuwa Mkamba wa Kitengela asiyejua kuogelea. Alikuja Magadi kubeba magunia, aliyekuwa na mashua akaugua, Masila akaambiwa aishike kwa wiki moja. Wiki hiyo haijaisha mpaka leo. Kule Kitengela, mkewe Nthenya aliwaambia majirani kwamba mumewe ni kapteni, na Masila hakuona haja ya kumkosoa.

Kisha boti kubwa likaja, likishuka mteremko wa Kona Baridi juu ya lori. Lilikuwa la chuma, mita kumi na mbili, injini ya dizeli tumboni na kibanda chenye vioo. Masila alilipenda papo hapo. Alilifuta vumbi la safari kwa shati lake mwenyewe, na shati lilikuwa jeupe.

Alikuwa bado analifuta alipoambiwa kwamba kapteni wake ni Simel. Kijana wa Ewuaso Kedong, miaka ishirini na sita, mwenye cheti cha kidato cha nne na miezi mitatu ya mafunzo Kisumu. Masila aliishia darasa la saba. Fomu ya kazi iliuliza cheti, haikuuliza miaka kumi na mmoja.

"Mzee Masila," mhandisi Makena alimwambia, "wewe ndio unajua maji ya hapa. Kaa na Simel miezi miwili, umfundishe. Mwisho nitakuuliza kama anatosha. Kama hatoshi, boti utashika wewe."

Hasidi hana sababu, wamesema wahenga. Masila alikuwa nazo tele, na alizirudia kila asubuhi akivaa viatu.

Siku ya kwanza Simel aliligonga gati. Boti kubwa halisimami kama mashua. Ukichelewa kupunguza moto, linakwenda na hasira zake. Masila aliona rangi ikichubuka, akageuka upande ili kijana asione meno yake. Furaha hiyo haikumaliza wiki. Ijumaa, Simel alilileta boti gatini polepole, kamba ikatupwa mara moja ikashika. Abiria wakampigia makofi. Miaka kumi na mmoja, Masila hajawahi kupigiwa makofi na mtu.

Kibaya zaidi, kijana alikuwa na adabu. Akitoka kwao aliwaletea watu wa gatini maziwa lala, na kibuyu cha kwanza kilikuwa cha Masila. Masila aliyanywa yote, akalamba midomo, na roho ikazidi kumuuma.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Kisumu hawafundishi, kwa sababu maji ya kule ni matamu. Injini hupozwa kwa maji ya ziwa, na maji ya Magadi, kwa chumvi yake, yakikauka ndani ya mabomba huacha ukoko mgumu kama simenti. Kila jioni lazima ufunge mpira wa maji kutoka kwenye tangi, upitishe maji matamu dakika kumi, ndipo uzime. Masila aliosha injini ya mashua hivyo miaka yote. Hilo hakulisema. Simel alizima, akafunga mlango, akamuaga. Masila akajitia hamnazo.

Jioni hiyo aliusukuma ugali pembeni. Aliona mabomba yakiziba, moja baada ya jingine. Jua halijazama alirudi gatini, akafunga mpira, akawasha injini, akaosha. Si kwa ajili ya yule, alijiambia. Boti lina kosa gani? Kesho yake akarudi tena. Wiki tano alikuwa akirudi, na kila Jumatatu Makena alikagua injini na kumsifu Simel kwa kuitunza.

Wiki ya sita Masila alichoka kumlea adui yake. Aliomba likizo, akaenda Kitengela. Aliye juu mngoje chini. Basi yeye angemngojea nyumbani kwake, kwenye kochi.

Alingoja na simu mkononi. Alioga nayo, aliilalia. Siku ya tatu Nthenya aliweka sahani mezani kwa kishindo.

"Baba Mwololo, ni nani huyo unangoja akupigie?"

"Ni boti."

"Boti inapiga simu siku hizi?"

"Naweza kuambiwa imeharibika."

"Na ikiharibika mbona unafurahi?"

Masila aliitia simu mfukoni. Nthenya alichunguza simu usiku na mchana, asiamini kwamba mwanamume anaweza kukonda kwa ajili ya chuma. Hakuna aliyepiga.

Siku ya saba alirudi Magadi. Injini ilikuwa inanguruma vizuri, na Simel alikuwa ameinama nyuma ya boti, mpira mkononi, maji matamu yakipita.

"Sopa, mzee!" alimsalimu kwa Kimaasai.

"Ipa," Masila alijibu kwa shida. "Nani alikuonyesha hiyo?"

"Si wewe? Nilikuwa nakuona kila jioni. Nikasema hiyo ni kazi ya mzee, nisimharakishe, siku moja ataniachia. Ulipoenda likizo nikajua umeniachia. Asante sana, mzee."

Hakukuwa na kejeli usoni mwake. Masila aliitafuta, akaikosa. Angalau angetukanwa, angepata pa kushika.

Miezi miwili ilipotimia Makena alikuja gatini na karatasi.

"Haya, mzee. Simel anatosha?"

Masila alitazama kibanda chenye vioo. Alijiona ndani yake, kofia kichwani, Nthenya gatini na majirani wawili.

"Bado," akasema.

Makena aliinua kalamu, akashangaa. Masila alimtazama Simel, akitamani kijana apige kelele, abishe, amwite mzee mwenye kijicho.

"Kama mzee amesema bado, basi ni bado," alisema Simel. "Lakini nionyeshe penye nimekosea, nirekebishe."

"Ndio, tuonyeshe," alisema Makena. "Niandike."

Masila akapanda botini. Akaangalia kamba, zimekunjwa sawasawa. Akafungua kifuniko cha injini; pakavu, hakuna hata tone la mafuta. Akapapasa chini ya ukingo kutafuta ukoko, mkono ukatoka safi. Akazunguka boti zima, na alipofika mwisho akaanza upya, jasho likimtiririka. Nyuma yake Simel alimfuata hatua kwa hatua, akiinama kila mzee alipoinama, asije akapitwa na somo.