Mfuko Mweupe wa Michembe

Juzi sokoni Bariadi nilimuuliza muuza michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, alikuwa ameihifadhi kwenye nini. Akacheka. "Dada, unanunua au unapeleleza?" Nikanunua, kisha nikasimama nayo nisijue nifanye nini. Tangu nimalize masomo ya afya kila chakula kina swali. Hili lakini niliulizwa zamani, nikalijibu vibaya.

Nililelewa na bibi kijijini Sapiwi. Viazi vitamu vikishavunwa tulivikata vipande tukavianika juu ya jabali nyuma ya zizi, hadi michembe ikalia kama vigae ukiikusanya. Bibi aliipika kwa karanga za kutwanga, na majirani walikuja bila kuitwa.

Ndiyo miaka wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia kijijini na malori yao, wakileta mbegu zilizotiwa dawa ya kuua wadudu. Bibi alinituma kwa shangazi, ng'ambo ya mto, nikachukue gunia la katani la kuwekea michembe. Niliona ni mbali, sikwenda. Stoo kulikuwa na mfuko mweupe wa mbegu hizo, mtupu. Niliukung'uta mara tatu, nikaona umetakata, nikaitia michembe humo bila kumwambia bibi. Macho ya bibi yalikuwa yameanza kufifia, na mimi ndiye niliyekuwa nikimchotea.

Siku moja nikiwa shuleni alipika ile niliyomchotea asubuhi, akala na jirani. Nilirudi nikawakuta wanatapika, jasho linawatoka, mate yamewajaa. Kule zahanati mimi ndiye niliyekuwa mkalimani.

"Mliihifadhi kwenye nini?" mganga aliuliza.

Nikamuuliza bibi kwa Kisukuma. Akajibu bila wasiwasi: gunia la katani. Nikatafsiri vilevile, sikuongeza kitu.

"Basi mwambie hakuikausha vizuri. Aitupe yote."

Hilo nalo nikalitafsiri. Bibi akaitazama mikono yake.

Walipona. Michembe niliizika mwenyewe, pamoja na mfuko wangu. Jirani, aliyemwita Mayu, yaani mama, alizoea kumtania: "Mayu, leo unatupikia au unatuzika?" Bibi alicheka naye, ila hakuanika tena. Viazi tulivichemsha vibichi, na vilivyozidi vilioza. Alifariki nikiwa chuoni, akiamini alikosea yeye.

Jana nilifika Sapiwi. Nyumba imeanguka, jabali lipo, mbuzi wamelala juu yake. Nikaimwaga ile michembe ya sokoni juani, ikalia kama zamani. Nikamwambia bibi kwa Kisukuma kwamba michembe yake ilikuwa imekauka vizuri, kwamba ni mimi. Mbuzi mmoja akainua kichwa, kisha akaanza kula.