Mazulia Yaliyokwenda Harusini

Saa kumi na mbili asubuhi, jua likiwa bado nyuma ya mlima, Itto Oubassou anashuka kutoka darini na zulia begani kama mama aliyebeba mtoto aliyelala. Analitandaza juu ya mabua ya shayiri, analivuta pembe, analikanyaga kwa miguu mitupu, kisha anarudi kuchukua lingine. Kipande kizima cha shamba kimeshageuka chekundu na njano.

"Piteni juu yake," anawaambia wanawake wawili wanaokwenda kuchota maji. "Msizunguke kama wageni."

Wanapita huku wakicheka. Mmoja anauliza kama na punda wake apite.

"Apite, ila mwambie ajizuie."

Itto ana miaka arobaini na sita. Ni mama wa watoto wanne na mfumaji katika kijiji cha Imi n'Targa, kusini mwa Morocco. Leo hana utani mwingi wa kupoteza. Mchana anakuja Haji Abdelhak, mnunuzi kutoka Marrakesh, kukagua mazulia kumi na mawili ya ushirika wao. Akiyakataa, wenzake wameshamwambia wazi: wanarudi kwenye klorini.

Watu wa mjini wanapenda zulia jipya lenye sura ya zamani. Rangi kali hawaitaki. Kwa hiyo kwa miaka mingi wanawake wa hapa waliyaloweka mazulia kwenye klorini kando ya mfereji. Asubuhi moja tu, na rangi imetulia. Maji ya kulowekea yalimwagwa papo hapo, yakateremka na mfereji hadi kwenye bustani ya nanaa ya Shangazi Tlaytmas, shangazi wa mume wa Itto.

"Kwanza majani yaliota madoa," anasema Shangazi Tlaytmas, mjane anayeishi kwa kuuza nanaa kwenye soko la Jumapili. "Kisha yakawa meupe kama kichwa changu. Nikasema, haya, mimi nimezeeka. Nanaa imefanya nini?"

Hakwenda kugomba. Alichuma kifungu cha nanaa ile ile, akaenda nacho kwa Itto, akapika chai.

"Alinimiminia, akakaa kunitazama," Itto anakumbuka. "Chai ilikuwa na ladha ya choo kilichotoka kuoshwa. Nikameza funda moja. Akaniuliza, 'Nikuongeze, mwanangu?'"

Siku hiyo Itto alimwaga klorini yake kwenye shimo mbali na mfereji, akaacha kuinunua. Anasema haikuwa nanaa tu. Mikono yao ilipasuka. Sufu nayo iliungua ndani kwa ndani, na zulia la kurithiwa na wajukuu likawa linaishia jalalani baada ya miaka michache.

"Zulia linalotupwa mapema ndilo linalochafua dunia," anasema. "Niliwahi kununua la plastiki, la kiwandani. Halikufika mwaka wa nne. Mume wangu Moha akalichoma nyuma ya nyumba, moshi wake ukawahamisha kuku wote kwa jirani. La sufu unalikung'uta, unalianika, unaligeuza upande. Likitoboka, unaliziba. Kuna kazi gani hapo?"

Kuwashawishi wenzake waliachie jua kazi ya kufifisha rangi kulikuwa kugumu zaidi. Yezza, mweka hazina wa ushirika, alitaka kujua nani atawalisha wakati Itto anasubiri jua.

"Zulia likikatwa kutoka kwenye kitanda cha kufumia, si tunasema limekufa, tukalinyunyizia maji kama maiti?" Itto alimjibu. "Sasa wewe maiti unamwekea sumu ya nini?"

Walimpa kiangazi kimoja.

Jua lilifanya kazi yake. Kufikia katikati ya Agosti rangi zilikuwa zimetulia, lakini mazulia yalikakamaa. Unalisimamisha, linasimama kama mlango. Haji Abdelhak anataka ulaini uliotokana na miaka ya nyayo, na nyayo za miaka hazipatikani kwa wiki mbili.

Zilipatikana. Mjukuu wa Shangazi Tlaytmas alikuwa anaolewa, na Itto akajitolea kutandika uwanja wa ahwash, ngoma ya harusi.

"Umelewa jua wewe?" Yezza alifoka. "Mali ya kuuza unaiweka chini ya visigino vya watu?"

"Visigino vyao vina kazi gani nyingine?"

Watu walicheza siku mbili. Baadaye wanawake waliyafua mazulia kwa mizizi ya mmea wa porini unaotoa povu, ambayo bibi zao waliitumia, wakayapiga kwa magongo, wakayarudisha juani. Moja tu lilibaki na doa, pale mjomba wa bwana harusi alipomwaga chai.

Haji anafika baada ya sala ya adhuhuri. Anapiga goti kwenye zulia la kwanza, analowesha leso nyeupe, anasugua. Leso inabaki nyeupe. Anainamisha pua kwenye sufu.

"Mbona halinuki klorini? Umetumia nini?"

"Jua," anasema Itto. "Na wajomba wa bwana harusi."

Haji hacheki. Analikunja zulia, linakunjika kama shuka. Anapitia moja moja mpaka anafika kwenye doa.

"Na hili?"

"Chai."

"Hili siwezi kuliuza."

Yezza anafumba macho.

"Kumi na moja nachukua," Haji anasema, "kwa bei ileile, dirhamu elfu moja na mia nne kila moja. Mwaka ujao niandalieni ishirini. Ila wajomba wafunzeni kushika glasi."

Lori linapoondoka, zulia lenye doa linapelekwa kwa bibi harusi, kwa amri ya Shangazi Tlaytmas. Kisha anachuma nanaa, ya kijani hadi shinani, anapika chai. Safari hii Itto anaomba aongezwe.

Mipango yake ya mwaka ujao ameshaianza. Mazulia ishirini yanahitaji uwanja mkubwa na miguu mingi, na harusi moja haitatosha. Anamtazama Said, mwanawe wa kwanza, anayekunja nyuzi za kufumia akijifanya hasikii.

"Ana miaka ishirini na sita, anasema hajawa tayari kuoa," Itto anasema, akipuliza chai. "Agosti ijayo atakuwa tayari."