Nyundo Tano, Kisha Chai

Nilipoanza kazi ya reli hapa Kamina nilikuwa na darasa tatu za shule na suruali moja. Shefu wetu, msimamizi wa kazi, Muluba aliyenyoa kichwa chote, aliniuliza: "Diplome iko wapi?"

"Haiko, Shefu. Minyi, mimi huyu, niko na masikio."

"Hata mbuzi iko na masikio."

Akanipa nyundo. Nilikuwa viziteri, yaani mtu anayetembea kando ya wagoni akigonga kila gurudumu na kusikiliza. Chuma kizima kinaimba. Chenye ufa kinakohoa. Ufa ambao wenye diplome waliutafuta kwa taa, mimi niliusikia nikipiga mluzi. Nilipelekwa Bukama, kwa wagoni za samaki, na shefu wa kule hakutaka kuniachia. Kamina iliniita mara mbili ndipo nikarudi.

Kilichonirudisha ni chai. Saa tisa mchana Ramazani, mwenzetu wa ukoo wa wafanyabiashara wa Maniema, alichemsha chai ya tangawizi juu ya babula, jiko letu la makaa. Tulikuwa watano. Kila mmoja akimaliza alilaza nyundo yake kando ya jiko. Zikitimia tano, Shefu alijua hakuna mtu chini ya wagoni. Bendera nyekundu iliyozuia treni iliondolewa, mashine ya kuvuta wagoni ikasogea, nasi tukanywa. Hatujaona bado chai tamu kama ile. Ramazani alinitania kila siku: "Weye, Ngoy, unakunywa sukari, chai iko ya kusafishia kinywa tu."

Siku moja mimi na Ramazani tulikuwa tunarudi, sisi wawili wa mwisho. Ramazani akasimama. "Nimesahau ufunguo chini ya wagoni. Peleka nyundo yangu, uangalie chai isimwangike."

Nilikuwa na kiu, na nilikuwa nimetoka kugundua ufa mkubwa, nikitaka sana kusimulia. Nikalaza nyundo mbili. Nikaanza kusimulia.

Shefu alihesabu. Tano. Akaonyesha mkono, bendera ikaondolewa.

Wagoni ziligongana, kisha tukasikia sauti ya Ramazani. Mara moja tu.

Tulipomtoa alikuwa amekwisha. Shefu alirudi pale kwenye jiko, akaziangalia nyundo. "Ya Ramazani, nani aliileta?"

"Ni minyi, Shefu."

Hakunitukana. Alichukua sufuria, akamwaga chai yote juu ya makaa. Wakubwa walipofika aliwaambia: "Ni minyi njo nilihesabu." Niliinua kichwa niseme. Akaniangalia, nami nikakiinamisha.

Walimfukuza. Na ushefu walimpa mwenye masikio makali kuliko wote, darasa tatu. Niliupokea. Miaka yote ya ushefu wangu hakuna aliyewasha babula pale tena, na mimi sikuthubutu kuwaomba.

Leo niko pensheni. Nina nyumba ya matofali, viti vya kutosha, termosi mbili. Majirani wanajua saa ya Papa Ngoy na wanakuja, wanasifu chai yangu. Tangawizi naweka mimi mwenyewe. Lakini kabla ya kumimina nauliza: "Tuko bote?"

"Tuko bote, Papa. Mimina, inapoa."

Nawahesabu mmoja mmoja kwa kidole. Wanacheka, wanasema uzee umeanza mapema. Nikimaliza, nahesabu tena.